Ngome mbili za ziwani na somo kwa mageti ya Busia

Mfanyabiashara anayepakia magunia ya mukene kwenye mwalo wa Masese, jirani na mitaa ya Walukuba mjini Jinja, anajua kabla gari halijawashwa kwamba gharama ya safari yake haipimwi kwa kilomita. Barabara ya kwenda Busia ni fupi kwa dereva mzoefu. Kinachorefusha safari ni idadi ya mahali atakaposimamishwa: kizuizi cha polisi, mizani, dirisha la forodha, meza ya afisa wa afya ya mimea na mifugo. Mwenzake wa Kisumu, anayeuita mzigo huo omena, ana hesabu hiyo hiyo. Wa Mwanza, anayeuita dagaa, naye anayo.

Hesabu hiyo ni ya kale kuliko Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ni ya kale kuliko mipaka yenyewe. Mwambao huu wa ziwa, mashariki mwa Jinja, ulikuwa na ngome iliyosimama juu ya njia ya misafara. Huko Uswisi, kwenye milima ya Alpi, ipo ngome nyingine ya ziwani iliyojengwa kwa sababu hiyo hiyo. Ya Uswisi imesimama hadi leo na bado inaingiza fedha. Ya Busoga ilirudi udongoni.

Serikali zinazojenga vituo vya mipakani kwa saruji na vioo zingefaidika kulinganisha ngome hizo mbili. Geti hudumu linapomlinda mpitaji, linapomtoza kiasi anachokijua mapema, na linapomlipa vizuri mlinzi wake. Likikosa moja ya hayo, njia huhama, au geti lenyewe huigeukia njia.

Boma la Luba

Kabla ya reli, msafara uliotoka Mombasa kwenda Buganda ulipitia Mumias, ukakata Busoga, ukafika katika nchi ya Chifu Luba, eneo la Bukaleba ambalo leo liko wilaya ya Mayuge. Hapo nchi kavu ilikwisha. Mzigo na watu walipakiwa kwenye mitumbwi, wakavuka mkono wa ziwa hadi upande wa Buganda. Aliyeshika kivuko hicho alishika mlango wa mashariki wa ufalme.

Buganda ilikuwa na hofu ya miaka mingi kuhusu mlango huo. Iliaminiwa kwamba atakayeimeza nchi angetokea mashariki, kupitia Busoga. Ndiyo maana Askofu James Hannington alipokuja kwa njia hiyo mwaka 1885, badala ya kuzunguka kusini mwa ziwa kama wageni waliomtangulia, alizuiwa kwa Luba na kuuawa mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hadi leo mahujaji hufika Kyando, huko huko Mayuge, kumkumbuka.

Miaka michache baadaye Waingereza walitangaza himaya yao juu ya Uganda, nao walikiona kivuko kwa macho yale yale. Walijenga ngome, na ramani zao zikaiandika Fort Thruston. Ngome za himaya hiyo wakati huo zilikuwa kazi ya mikono na majembe: handaki, tuta la udongo, uzio wa miti, na ndani yake nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Nguvu ya boma la Luba ilitokana na mahali lilipo. Lilitazama ziwa na kivuko, na lilikaa juu ya barabara pekee ya maana iliyoiunganisha Buganda na pwani.

Walinzi wake walikuwa askari wa Kisudani, watu waliotoka kwenye majeshi ya zamani ya Misri huko Ikwatoria. Waliipigania himaya kutoka Bunyoro hadi Nandi. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi wa pwani waliotembea nao, na mara nyingi ulichelewa kwa miezi. Mwaka 1897 waliamriwa kujiunga na safari nyingine ndefu, ya Meja Macdonald, bila kupata nafasi ya kupumzika wala kukaa na familia zao. Kikosi kimoja kikakataa. Kilirudi kwa miguu kutoka upande wa Ravine, kikapita Mumias, na katikati ya Oktoba kikafika kwa Luba. Walinzi wa boma wakafungua mlango na kuungana nacho.

Tarehe 19 Oktoba 1897 Macdonald alipigana na waasi kwenye kilima kilicho jirani na ngome, akisaidiwa na Wazungu wachache na kundi kubwa la Waswahili wenye bunduki. Waasi walishindwa kukitwaa kilima, wakarudi bomani. Ndani ya ngome waliwaua Waingereza watatu waliokuwa wamewashika mateka, akiwemo Meja Thruston, ambaye jina lake lilikuwa la ngome hiyo. Mwezi Desemba mmisionari George Pilkington, aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa katika mapigano hayo hayo. Kwa karibu miezi mitatu ngome iliyojengwa kulinda barabara ndiyo iliyoifunga. Januari 1898 waasi wakapenya usiku kwa njia ya ziwa, wakaelekea kaskazini.

Wengi wa Wanubi wa Uganda, na wale wa Kibera jijini Nairobi, ni kizazi cha askari wa Kisudani waliohudumia Waingereza miaka hiyo. Historia ya boma la Luba kwa hiyo ni ya pande zote mbili za mpaka. Nayo inasema jambo ambalo mkuu yeyote wa kituo cha mpakani angepaswa kulijua: ukuta hauna uaminifu wake wenyewe. Uaminifu ni wa mtu anayesimama getini, na mtu huyo ana watoto na kodi ya nyumba.

Njia ilipohama

Boma la Luba halikubomolewa na adui. Liliachwa na njia. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu, na meli zikaanza kubeba mizigo moja kwa moja hadi upande wa Buganda. Msafara wa miguu ulikosa sababu ya kupita Bukaleba. Wakati huo huo ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kuangamiza wakazi wa mwambao. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa kandokando ya ziwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na serikali ikawahamisha waliobaki kutoka ufukweni. Vijiji vikageuka msitu. Anayefika Bukaleba leo hakuti minara wala kuta za mawe.

Makao ya utawala wa Busoga yalihamia Jinja, mahali ambapo mto Nile unatoka ziwani. Daraja la reli lilijengwa juu ya mto huo na treni ikafika Kampala mwaka 1931. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na barabara kuu ikapita juu yake. Umeme ulileta viwanda: nguo, na kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe. Viwanda vilileta watu, na watu walihitaji nyumba. Ndivyo Walukuba ilivyokua kuwa mtaa mkubwa wa wafanyakazi, wenye safu za nyumba ndogo zilizopangwa kwa mstari. Msoga aliishi ukuta mmoja na Mluo, Mluhya, Mteso na Mwacholi, na Kiswahili kikapata kazi ya kufanya.

Walukuba haina mnara, lakini imerithi nafasi ya boma la Luba. Iko kwenye mlango ule ule wa mashariki, kando ya ziwa lile lile, na watu wake wengi wanaishi kwa kile kinachopita. Mwaka 2018, mwezi Oktoba, daraja jipya la Nile lenye urefu wa mita 525 lilifunguliwa ili kulipumzisha bwawa la zamani. Kwa mara nyingine mahali pa kuvukia pamesogea hatua chache, na wauza chakula, mafundi na mawakala wakapaswa kusogea napo.

Mwamba wa Chillon

Mwishoni mwa mashariki mwa ziwa Léman, milima ya Alpi inashuka hadi karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba wa ardhi. Barabara ya kale iliyounganisha Ufaransa ya mashariki na Italia, kupitia mlima wa Great St Bernard, haikuwa na pa kupita ila hapo. Hatua chache kutoka ufukweni kuna mwamba ndani ya maji. Juu ya mwamba huo ndipo ilipojengwa ngome ya Chillon, inayotajwa katika maandishi ya mwaka 1150 ikiwa mikononi mwa ukoo wa watawala wa Savoy.

Mjenzi wake alisoma mahali kabla ya kuweka jiwe. Maji yaliyo kati ya mwamba na nchi kavu yakawa handaki bila kuchimbwa. Upande unaotazama barabara, kuta ni nene, zina minara mitatu na matundu membamba ya mishale. Upande unaotazama ziwa, ambako adui hakutarajiwa, kuna kumbi za kuishi na madirisha makubwa yenye mapambo. Majengo takriban 25 yamejikusanya kuzunguka nyua tatu, kila moja likifuata umbo la mwamba. Chini kabisa kuna vyumba vyenye dari za matao, vilivyotumika kama ghala na kama jela. Sehemu kubwa ya umbo lake la leo ilipatikana katika karne ya 13, chini ya Peter II wa Savoy.

Lakini watu wa Savoy hawakutajirika kwa minara. Mwaka 1214 Thomas I wa Savoy alianzisha mji wa Villeneuve, karibu na ngome, na hapo msafara ulipata pa kulala, pa kupumzisha wanyama na pa kuuzia. Ushuru wa mzigo ulikusanywa katika eneo hilo na kuandikwa. Hesabu hizo za karne ya 13 na 14 zimehifadhiwa, na wanahistoria huzitumia hadi leo kujua sufu na nguo kiasi gani zilivuka Alpi. Mfanyabiashara alilipa, na alichopata kwa malipo yake kilikuwa barabara inayolindwa na mji wa kupumzikia.

Mpango huo ulikuwa na mpinzani. Karne hiyo hiyo ya 13, upande wa mashariki, njia ya mlima Gotthard ilifunguliwa baada ya kujengwa daraja juu ya korongo la Schöllenen. Mfanyabiashara wa Italia akapata njia ya pili, na sehemu ya mizigo ikahama. Kuta za Chillon hazikuweza kufanya lolote kuhusu hilo.

Mwaka 1536 watu wa Bern waliiteka ngome wakaifanya ghala na jela. Mwaka 1798 utawala wa Bern uliondoka, na ngome ikawa mali ya jimbo la Vaud. Leo mamia ya maelfu ya wageni hulipa kiingilio kila mwaka kuiona. Geti la ushuru limekuwa duka la kumbukumbu, na mji jirani wa Montreux unakula pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Waswahili walishasema, Waswisi wameifanya biashara.

Mfano wa karibu zaidi

Anayeona Alpi ni mbali anaweza kutazama Mombasa, mwanzo wa njia inayopita Jinja. Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Milan, mji ulioko upande wa pili wa Alpi hizo hizo. Kwa ujenzi ilikuwa bora kuliko Chillon, kwa sababu iliundwa kukabili mizinga. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kwa biashara ilikuwa kinyume chake. Wareno walidai kila chombo katika Bahari ya Hindi kibebe cheti chao, kikalipe ushuru kwenye bandari zao, na kisichokuwa na cheti kikamatwe. Hawakuijengea pwani njia. Walijitwalia njia iliyokuwepo kwa karne nyingi. Waomani walipoizingira ngome mwaka 1696, iliteseka kwa karibu miaka mitatu kabla ya kuanguka Desemba 1698. Kuta zake ziliwashinda wengi, lakini utawala uliokuwa ndani yake haukuwa na marafiki wa kutosha nje.

Ngome za karne hii

Kituo cha huduma za pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta. Mantiki yake ni safi: gari linasimama mara moja, maafisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja. Kabla ya hapo mzigo ulikaguliwa upande huu, ukavuka eneo lisilo la mtu, ukakaguliwa tena. Umbali huo kati ya geti na geti ndio uliozaa boda boda, wapanda baiskeli waliokuwa wakiita abiria wa mpaka hadi mpaka. Neno hilo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, na chanzo chake ni mpangilio mbaya wa mageti.

Sheria nazo zipo. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, soko la pamoja mwaka 2010. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kuvuka kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mwaka 2017 ilitungwa sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Kwenye karatasi, mama anayevusha magunia machache ya mahindi au mukene ana haki zaidi ya mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupita Chillon.

Shida ni kwamba geti bado linaweza kufungwa ghafla. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Ni karibu miaka mitatu, sawa na kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likaondolewa na kuwekwa masharti ya vyeti, lakini mzigo uliokuwa barabarani ulikuwa umeshalipiwa na mwenye nao. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na hakuna anayetetea mahindi yenye sumu. Hoja ni kwamba masharti yale yangeweza kutangulia zuio, na mkulima wa Busoga akajua kabla ya kuvuna kipimo gani kitamngoja Busia.

Wapo watakaosema serikali haiwezi kuendesha mpaka kwa huruma. Inahitaji mapato, inahitaji kuzuia magendo, inahitaji kulinda wakulima wake dhidi ya magonjwa. Yote ni kweli. Watawala wa Savoy nao walihitaji mapato. Ndiyo sababu walijenga mji kando ya ngome. Anayetaka mapato hutafuta mizigo mingi yenye ushuru wa kadiri. Anayetoza kila anayemwona hubaki na mizigo michache, na iliyobaki hupita njia za panya. Njia ya panya ndiyo Gotthard ya mfanyabiashara mdogo, na kwa wanawake wanaoipita usiku ina hatari ambazo hakuna afisa anayeziandika.

La kufanya

Jambo la kwanza ni ubao. Kila kituo cha mpakani, na kila mahali gari la mzigo linaposimamishwa kati ya Jinja na Busia, ushuru na ada zinazodaiwa kihalali ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na orodha ya bidhaa zisizotozwa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko dirisha la forodha. Afisa mwaminifu hana cha kupoteza kwa ubao huo.

La pili ni mshahara wa mlinzi. Askari wa barabarani anayecheleweshewa malipo atajilipa mwenyewe kutoka kwa dereva, na dereva atamlipisha mwenye mzigo, na mwenye mzigo atamlipisha mlaji. Waingereza waliokoa rupia chache kwa Wasudani wakalipa kwa vita. Serikali za leo zinapookoa kwa maafisa wa ngazi ya chini, zinalipwa kwa vizuizi.

La tatu ni notisi. Nchi mwanachama inayotaka kuzuia bidhaa ilazimike kutoa taarifa mapema, na mzigo uliokwisha kuanza safari uruhusiwe kufika ukikidhi vipimo vya usalama. Jumuiya sasa ina nchi nane, kutoka Kinshasa hadi Mogadishu. Geti moja likifungwa bila taarifa, hasara inasambaa hadi kwa watu wasiojua hata jina la geti hilo.

Na la nne, Bukaleba yenyewe. Jiji la Jinja na wilaya ya Mayuge wanauza chanzo cha Nile kwa watalii, na Kyando inapokea mahujaji. Katikati ya hayo mawili kuna kilima, kivuko na mabaki ya boma ambamo hatima ya njia ya Mombasa iliamuliwa. Hayahitaji kujengewa mnara wa bandia. Kibao, njia ya miguu, na kijana wa Walukuba au Mayuge aliyesoma historia hiyo na kuweza kuisimulia kwa Kiswahili, Kisoga na Kiingereza vinatosha kuanza. Chillon ilianza kuvuta wageni ikiwa bado ina buibui na milango mibovu.

Mukene wa Masese utaendelea kwenda Busia, kwa sababu walaji wake wapo Kisumu na kwingineko na wana njaa. Utapita getini au utapita porini kutegemea lango litakavyompokea mwenye mzigo. Wakuu wa forodha wana nafasi ya kuamua sasa, wakati magari bado yanapanga foleni mbele yao.